Nani Alipe Barabara ya Nyumba Mpya?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Katumba



Tumeitwa tuseme machache juu ya shauri ambalo limezungumzwa barazani kwetu kwa muda, nalo ni hili: je, mtu ajengaye nyumba mpya atozwe ada kubwa kuliko ile ya kibali cha ujenzi, ili fedha hiyo itengeneze barabara, mifereji na visima vya mahali anapojenga? Hatukulifurahia shauri hili tulipopewa, maana katika wanachama waliopo hapa ni wachache wasio na lundo la matofali mahali fulani, limefunikwa nyasi, likingojea mwisho wa mwezi. Sisi ndio tuandikao stakabadhi, na sisi ndio tutakaopewa stakabadhi hizo. Basi twaomba mtusikilize kama watu wasemao juu ya mfuko wao wenyewe, wala si kama wapangao fedha ya wengine.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, Mkoa wa Katavi, ambao ulizaliwa mwaka ule ule, ulikuwa na watu 564,604. Katika hesabu ya mwaka 2022 walipatikana watu 1,152,958. Yaani kwa muda wa miaka 10 wameongezeka watu 588,354, na hao peke yao wawazidi wote waliokuwako mwanzo. Maongezeko yalikuwa 7.1 kwa mia kila mwaka, na mikoa mingine ya Bara haikuufikia mwendo huo. Sasa Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliagiza kwamba kituo kimoja cha maji kitoshe watu 250, wala mtu asiende zaidi ya mita 400 kuyafuata. Gawanyeni wenyewe: watu wale waliozidi walihitaji vituo vipya 2,353. Ukivigawa kwa majuma ya miaka 10 ni vituo vinne na nusu kila juma, pasipo kupumzika Krismasi wala Idi. Tena kama kila nyumba ikaliwa na watu watano, basi mkoa ulihitaji nyumba mpya zaidi ya 117,000. Nyumba hizo kwa sehemu kubwa zimejengwa, kila mtu yazijua, azipita kila siku. Vituo vya maji ndivyo tunavyoviuliza.

Tofauti hiyo ndiyo asili ya mazungumzo yetu. Nyumba hujengwa na mwenyewe, hangoji mtu. Apata magunia mawili ya mahindi ya kuuza, anunua bati. Lakini barabara haina mwenyewe wa kuamka asubuhi akaiwazia. Mahali palipokuwa na nyumba kumi palitosha kinjia cha miguu, na maji ya mvua yalijua pa kwenda. Zikifika nyumba mia mbili, kinjia kile kimekuwa korongo, na maji hayana tena pa kupita isipokuwa uani kwa mtu wa bondeni. Wa bondeni hakufanya kosa lo lote. Kila mmoja wa wale mia mbili aliongeza kidogo tu, na kidogo hicho hakuna aliyekilipia.

Hapa Katumba jambo hili lina habari yake ya peke yake, nasi hatuna budi kuikumbuka, maana mgeni asiyeijua aweza kudhani kwamba watu wa hapa wamezoea vya bure. Mwaka 1972 watu walikimbia mauaji ya Burundi, na mwaka 1973 makazi haya yakafunguliwa katika msitu wa miombo. Jamaa hukatiwa shamba la takribani hekta 5, wakafyeka, wakajenga, na baada ya miaka si mingi wakawa wanauza chakula kwa wengine. Barabara za kwanza, visima, shule na zahanati zilifanywa kwa fedha ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, na kwa kazi ya chama cha Kikristo kilichojulikana kwa herufi zake TCRS, pamoja na Serikali, na kwa mikono ya wale wale waliofika na mizigo kichwani. Baadhi yetu tulio katika baraza hii ni wana na wajukuu wao. Baba zetu hawakutozwa ada ya kujenga, ni kweli. Lakini kisima hakikuwa cha bure. Kililipiwa na watu wa nchi za mbali ambao hatukuwaona, na shimo lake lilichimbwa na watu tuliokula nao sahani moja.

Walipaji wale wa mbali waliondoka zamani. Pampu zimechakaa, madaraja ya magogo yameoza, na watoto wa watoto wameoa nao wanataka pa kujenga. Ndiyo maana swali la nani alipe limetufikia sisi wala halikuwafikia baba zetu.

Lakini kabla ya kujibu, yako mambo mawili katika habari hiyo ambayo yatatushika mguu baadaye. La kwanza, kwa miaka mingi ardhi hii ilishikwa kama makazi ya wakimbizi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, wala si kama kijiji cha kawaida chenye baraza lake na ardhi yake. La pili, watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipokubaliwa uraia, shauri la kwanza lilikuwa watawanywe katika mikoa mingine. Shauri hilo liliachwa, na hati za uraia zikaanza kutolewa mwaka 2014. Walakini fikirini hali ya mtu katika miaka ile ya kungoja. Nani atachoma tanuru la matofali hali hajui kama mwakani atakuwa hapa au pengine? Wengi walikaa katika nyumba za udongo zilizohitaji kubomolewa, si kwa uvivu, bali kwa kuwa akili iliwakataza kujenga. Nyumba nyingi mpya mnazoziona zikiezekwa bati ni nyumba zilizocheleweshwa. Basi ukisema, "Tumtoze ajengaye sasa," hapa kwetu mara nyingi wamtoza yule aliyengojeshwa.

Sasa tuone wengine walifanyaje. Ada ya namna hii si jambo jipya duniani. Uingereza waliiweka kwa sheria ya mwaka 1947, na ilikuwa kali: mtu akipewa ruhusa ya kujenga, na kwa ruhusa ile thamani ya ardhi yake ikapanda, basi maongezeko yote ya thamani yalikuwa ya Serikali. Hawakumwachia hata senti. Katika karatasi ilikuwa haki tupu, kwa maana mwenye shamba hakufanya kazi yo yote iliyopandisha bei. Lakini wenye ardhi walijiuliza, "Tuuze kwa faida gani?" wakakaa nayo, na waliotaka kujenga wakalipa mara mbili, kwa mwenye ardhi na kwa Serikali. Mwaka 1953 ada ile ikafutwa. Katika jimbo la Ontario, Kanada, wana sheria ya mwaka 1997 iliyo na werevu zaidi: mji hauwezi kutoza mpaka kwanza ufanye uchunguzi na kuandika ni nini hasa kinachohitajiwa kwa ajili ya nyumba mpya na kwa bei gani, kisha fedha iwekwe katika akiba yake ya pekee isichanganywe na nyingine. Huko nako manung'uniko hayakukosekana, kwa kuwa ada zimepanda mwaka hata mwaka, na vijana wanunuao nyumba ya kwanza ndio wauonao uzito, hali wazee waliojenga zamani wakaa kimya katika nyumba zilizopanda bei.

Lakini kwa nini twende Kanada? Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilifanya mradi wa viwanja 20,000. Hazina iliukopesha shilingi bilioni 8.9, kwa fedha hiyo wenye mashamba ya Mbweni, Bunju, Kibada, Toangoma, Buyuni na kwingineko walilipwa fidia, wapimaji wakapima, barabara zikachongwa, na gharama zote zikatiwa katika bei ya kiwanja. Hiyo ndiyo ada yetu hasa, ila jina lake lingine. Ajengaye alilipa barabara yake kabla hajaweka jiwe la kwanza. Vilipimwa viwanja zaidi ya 30,000, vikauzwa, mkopo ukarudi, na hati zikatoka upesi kuliko ilivyokuwa desturi. Mtu mwenye haki hawezi kusema mradi ule ulishindwa.

Hata hivyo yatazameni mapungufu yake, maana ndiyo yatufaayo zaidi. Barabara zilizochongwa zilikuwa za udongo. Mahali pengi lami, mabomba na nguzo za umeme zilikawia miaka, na mwenye kiwanja aliyekwisha lipa alikaa akingoja au akatafuta kisima chake. Bei iliwafaa watumishi na wafanya biashara, wala si mchuuzi wa samaki. Na wale wakulima waliolipwa fidia wengi hawakuweza kununua kiwanja katika ardhi ile ile waliyoihama, wakasogea mbele kujenga pasipopimwa. Na nani walionunua? Ndugu zetu, tuseme kweli: watu kama sisi. Watumishi wana tabia ya kufika wa kwanza mahali panapogawiwa viwanja, kwa sababu tangazo hupita mezani kwao kabla ya kubandikwa ubaoni. Tutairudia habari hiyo.

Wako wanachama wasemao kwamba mambo haya ya ada ni ya mijini, sisi tuna kodi za kutosha. Hao twawaomba wakumbuke kodi zilikotoka. Wadachi walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898 walihesabu vibanda, si watu. Mahali pengi Afrika kodi ilipohesabu vibanda, watu walijibana wengi katika kibanda kimoja. Na Wadachi wenyewe baada ya miaka michache walianza kuhesabu vichwa. Serikali yetu huru iliifuta kodi ya kichwa mwaka 1969, kisha mabaraza ya wilaya yenyewe yakafutwa mwaka 1972. Yaliporudi katika miaka ya 1980 yalirudi na Kodi ya Maendeleo, na wengi wetu twakumbuka ilivyokusanywa: mgambo njiani asubuhi, watu wazima wakikimbilia vichakani, na karani ameketi chini ya mwembe na kitabu chake. Mwaka 2003 ikafutwa, wala hatukusikia mtu aliyeililia. Maana watu hawakuona kilichotendwa kwa fedha ile. Walionyeshwa stakabadhi, daraja hawakuonyeshwa.

Kodi ya majengo nayo imekwenda safari ndefu. Ilikuwa ya halmashauri. Mwaka 2016 ikapewa Mamlaka ya Mapato. Na tangu Agosti 2021 imekuwa ikikatwa katika umeme wa LUKU, mwanzo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa. Tuisifu kwa jambo moja, ni rahisi kukusanya, wala haina mgambo. Lakini haitazami nyumba. Mwenye vyumba viwili na mwenye vyumba kumi, zikiwa zote ni za chini, hukatwa sawasawa. Na asiye na mita hakatwi. Twaitaja kwa sababu hii: watu wakisema ada kwa nyumba mpya ipandishwe, mara nyingi ni kwa kuwa nyumba za zamani zimeponyoka. Mgeni hulipa kwa sababu yumo mbele ya meza ya karani akiomba kibali. Aliyejenga miaka 30 iliyopita, ambaye barabara mpya yapita mlangoni pake na kuipandisha bei nyumba yake, haji mezani, wala hatumwiti.

Sasa tuje kwenye fedha yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo mazungumzo yetu ya barazani huwa na moto mwingi na hesabu kidogo. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme nyumba ya kawaida yagharimu shilingi milioni 10, na ada iwe 1 kwa mia, yaani laki moja. Kwa mjengaji laki moja si kitu kidogo. Ni mlango na dirisha. Tuseme tena kwamba katika mwaka nyumba 40 zaja kuomba kibali. Tumekusanya milioni 4. Je, milioni 4 zafanya nini? Hazichimbi kisima kirefu hata kimoja. Zaweza kununua makalavati machache na kulipa vibarua wa kuyazika. Ukipandisha ada mara tatu, utapata milioni 12 ikiwa wote 40 watakuja. Lakini hawatakuja wote 40. Nusu yao watajenga Jumapili.

Hatusemi hivi kwa kuidharau ada. Twasema ili mtu asije akaahidi watu lami kwa fedha ya vibali. Mahali penye utajiri ada huweza kujenga. Mahali kama hapa petu huweza kutunza tu, au kufungua mlango wa fedha nyingine kubwa zaidi.

Tena kuna shida ya mikono. Zamani halmashauri ilikuwa na barabara zake na maji yake. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya zimekuwa za TARURA, na tangu 2019 maji ya vijijini yamekuwa ya RUWASA. Hatuyalaumu mabadiliko hayo. Barabara nyingine zimepata greda ambayo hazikuiona kabla. Ila tuulize: halmashauri ikimtoza mtu ada kwa ajili ya barabara isiyo yake, fedha itapita njia gani kuifikia barabara hiyo? Asipoandika mtu mapema, kwa wino, kwamba ada ya Katumba hurudi Katumba na hulipwa kwa wakala fulani kwa kazi fulani, basi itaingia katika mfuko mkuu na kutoka kwa posho na mafuta ya gari. Sote twaijua njia hiyo, baadhi yetu tumeiandikia hati za malipo.

Na lile jambo la ardhi ambalo tulisema litatushika mguu, ndilo hili. Ada ya ujenzi ni malipo kwa ruhusa ya kudumu mahali. Amwambiaye mtu, "Lipa kwa kuwa umejenga hapa," amekwisha kumwambia, "Hapa ni pako." Mtu ambaye hana hati, wala bikoni kwenye pembe za kiwanja chake, ambaye kwa nusu ya maisha yake aliambiwa leo hivi na kesho vile, huyo hatuwezi kumtoza kwa mkono mmoja na kumnyima karatasi kwa mkono wa pili. Wenzetu wengine walitubishia neno hili kwa nguvu. Walisema, tukingoja hati zote zitoke, wajukuu wetu watatembea katika makorongo yale yale. Ni kweli kwamba kungoja kuna hasara. Lakini kumtoza kwanza kuna hasara kubwa zaidi, maana siku ya mgogoro atakuja na stakabadhi yetu mkononi kana kwamba ni hati, na karani atakayemwambia kwamba karatasi ile haina maana atakuwa ni mmoja wetu.

Basi ninyi mtauliza, twashauri nini?

Twashauri kwamba malipo ya kwanza yawe ardhi, fedha ifuate. Kabla ya shilingi kutozwa, njia zikatwe. Mwenye shamba la baba yake agawapo viwanja kwa wanawe au kwa wanunuzi, asikubaliwe kukata hata kimoja mpaka ameacha nafasi ya barabara, mfereji upande wake, na mahali pa kituo cha maji. Ukanda huo leo ni majani. Hauna bei kubwa. Ukiisha kujengwa, gharama yake haihesabiki. Mliopata kupita njia ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, mwaka 2017, mliona nyumba zilivyowekwa alama nyekundu kisha zikabomolewa kwa kuwa zilikuwa katika hifadhi ya barabara. Nyumba za watu waliofanya kazi miaka mingi, wengine wakiwa na karatasi mikononi. Hapa petu bado tuna nafasi ya kuepuka jambo hilo, tena si kwa fedha. Ni kwa mpimaji, kamba, na vijiti. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya risasi ya mgodi wetu mwishoni mwa miaka ya 1940, ni ushahidi: mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini njia ile ilikuwa imekwisha kukatwa, na baada ya zaidi ya miaka 60 imebaki njia.

Njia zikiisha kukatwa na viwanja vikapimwa, hati itolewe, na ada ya nyumba mpya itozwe pamoja na hati, siku moja, meza moja. Iwe kwa ukubwa wa sakafu, si kwa idadi ya nyumba, tusije tukarudia hesabu ya vibanda ya Wadachi. Nyumba ndogo ya kwanza ya mtu isitozwe kabisa. Tumefikiri vyumba viwili na sebule, lakini kipimo hicho twakiacha kwenu. Mwenye kujenga nyumba ya kupangisha, au duka, au ghala, alipe kikamilifu, maana huyo barabara yamletea wateja. Na mtu apewe ruhusa ya kulipa kidogo kidogo mpaka paa lipande, kwa kuwa ndivyo tunavyojenga: msingi mwaka huu, boma mwakani, bati Mungu akijalia.

Kuna jambo jingine, nasi twalipenda sana. Watu wetu hulipa kwa mikono. Shule nyingi za nchi hii zilianza kwa wazazi kusomba mawe na kuinua boma, Serikali ikaja kuezeka. Waraka wa elimu bila ada ulipotoka mwishoni mwa 2015, michango ya lazima ilikatazwa, na ilikuwa vema, kwa kuwa watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani. Lakini kazi ya hiari ilibaki, na inafanyika mpaka sasa. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haiandikwi. Aliyechimba mfereji siku nane huhesabiwa sawa na aliyekaa kivulini. Twataka kiwepo kitabu cha kazi, na siku za kazi ya mtu zipunguze ada yake kwa kiasi kitakachokubaliwa na mkutano wa kijiji. Afisa mmoja alituambia kwamba jambo hilo litaleta udanganyifu. Huenda. Lakini kitabu kikisomwa hadharani mbele ya watu waliochimba pamoja, ni vigumu kuongeza siku. Watu huwa na kumbukumbu kali sana juu ya nani hakushika jembe.

Na fedha, iwe nyingi au chache, iwekwe katika hesabu yake peke yake, na karatasi moja ibandikwe kila baada ya miezi mitatu penye ofisi ya kata: imeingia kiasi gani, kwa nani, imetoka kiasi gani, kwa kazi gani, wapi. Majina yote. Tumeahidi kurudia habari ya watumishi na viwanja, nasi twairudia hapa. Wanachama watakaojenga Katumba na majina yao yawe juu kabisa ya karatasi hiyo, pamoja na walicholipa. Tunajua jinsi neno hili lilivyopokewa lilipotajwa mara ya kwanza barazani. Kuna waliocheka, na kuna walionyamaza, na wale walionyamaza ndio waliotuhangaisha. Mwaka 1922 makarani Waafrika wa Tanga, ambao Martin Kayamba alikuwa kiongozi wao, walipoanzisha chama cha watumishi, walitaka mtumishi Mwafrika aheshimiwe kwa kazi yake. Hatuoni jinsi ya kuitafuta heshima hiyo kwa raia wa Katumba hali sisi twalipisha na hatulipi.

Bado kuna moja ambalo hatukuafikiana, nalo twalileta kwenu likiwa bichi. Ni habari ya nyumba zilizokwisha jengwa. Wengine wetu husema zisiguswe, kwa kuwa waliojenga zamani walivumilia matope yao na walichimba visima ambavyo wapya wanavinywa. Wengine husema kisima kile kilichimbwa kwa fedha ya watu wa mbali, kama tulivyokwisha eleza, na kwamba barabara ikiletwa itapita mbele ya milango ya wazee kabla ya kufika kwa vijana. Basi walipe walau nusu, nao wazee wasiojiweza wasamehewe. Katika watu saba tulioandika hotuba hii, wanne walikuwa upande mmoja na watatu upande wa pili, na jioni mmoja wa wale wanne alibadili mawazo yake alipokwenda nyumbani akapita katika korongo.

Bwana Katibu ana rasimu ya barua tutakayompelekea Diwani na Mtendaji wa Kata. Nafasi ya neno hilo la mwisho tumeiacha wazi. Atakayetaka kusema na asimame, aseme kwanza jina lake na kama anajenga.